Chumvi Iliyolitangulia Jua

Mji ule haukuwa na saa moja. Mtaa wa Wachonga Mihuri ulikuwa bado alfajiri wakati watu wa Mtaa wa Juu walishakula chakula cha mchana na kujinyoosha, na mtu aliyevuka njia kwenda kuomba moto kwa jirani aliweza kurudi kwake akaikuta jana imekaa kibarazani inamsubiri. Hakuna aliyelalamika. Watu walizoea kuulizana, "Kwenu saa ngapi?" na aliyejibiwa hakubisha. Ila mji ulikuwa na mafundi saa, na fundi saa ni kiumbe mbishi, hawezi kuuona muda unazurura akanyamaza. Mmoja wao aliitwa Silima.

Alikuwa na miaka arubaini, au sitini, kutegemea umemkuta mtaa gani. Aliishi na dada yake mkubwa, Mize, mjane aliyegombana na kila kitu kuanzia mvua hadi vifuniko vya sufuria, na ambaye hakupata kumwacha mtu alale na njaa. Nyumba yao ilijengwa namna zilivyojengwa nyumba zote za pale: shimo chini, sakafu katikati, paa bapa juu, na ngazi moja inayopita kote. Watu wengine hushuka shimoni kuchukua mkaa, hupanda paani kuanika nguo, kisha hurudi sakafuni kuendelea na maisha yao. Silima yeye akishuka, alikaa. Alasiri moja ilimganda huko chini siku arubaini, alasiri ile ile, inzi yule yule ukutani, na Mize alimwekea uji kwenye kipandio cha mwisho akaja kuukuta umeota ngozi. Akipanda, napo alikaa. Huko juu asubuhi zilimjia saba kwa mpigo, hakulala, hakula, alizungumza na mitaa yote kwa pamoja, na kila mtaa, kwa alivyosikia yeye, ulimjibu.

Tabibu wa kwanza alimkuta shimoni, kalala kifudifudi penye mkaa. Akaona huzuni tu, hakuuliza habari za paa, akampa kidonge cha kupandisha. Kidonge nacho kilifanya kazi yake kwa uaminifu mno. Kilimpandisha hadi sakafuni, hakikusimama, kikampandisha hadi paani, kikataka kuendelea. Silima akaendelea nacho. Alikanyaga hewa akidhani ni kipandio kingine, akaangukia banda la kuku la jirani, akavunjika mguu na kuua majogoo wawili. Siku hiyo saa ya mkono ya marehemu mama yao, iliyokuwa mfukoni mwake, ikasimama.

Ndipo ikaja chumvi.

Alipewa katika Nyumba ya Damu, wanakopimiwa wagonjwa, na mwanamke mrefu ambaye mji mzima ulimwita Mpimaji, mwenye kalamu tatu mfukoni na sauti ya mtu asiyeharakishwa na yeyote. "Kitabuni inaitwa lithiamu," alimwambia. "Humu ndani twaiita chumvi kwa sababu ndivyo ilivyo. Inatoka kwenye mawe, na kwenye maziwa yaliyokauka. Haikupandishi wala haikushushi. Inakushika."

"Inanishika wapi?" Silima aliuliza.

"Hapo hata mimi nashangaa, na nimeitoa miaka ishirini. Tunajua kidogo. Ikiwa haba, haikushiki. Ikizidi, inakudhuru. Katikati pana njia nyembamba, nami naiona kwenye damu tu. Kwa hiyo kunywa maji, na uje nikupime."

Kisha akamwambia jambo ambalo Silima hakulisahau. Vitu vingi vya ulimwengu, alisema, vilipikwa ndani ya nyota, na nyota zikafa vikamwagika. Lakini chembe za mwanzo kabisa za chumvi hii zilikuwapo kabla nyota ya kwanza haijawaka. Zilizaliwa dakika zile za mwanzo, wakati hapakuwa na jua, wala mawe, wala mtu wa kuhuzunika. Alilisema hilo huku akitafuta bomba la sindano, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu.

Silima alitembea hadi nyumbani ameshika kile kikopo kwa mikono miwili. Alikaa mezani akamimina kidonge kimoja kwenye kiganja. Cheupe, cha mviringo, kina mstari katikati. Akakitazama kwa lenzi yake ya jicho, ile anayotazamia magurudumu madogo, na akaona vumbi lililoganda tu. Hiki ndicho kilichokuwapo. Giza lilikuwapo na hiki kikawapo. Jua limekikuta. Bahari zimekikuta, zikaja, zikakauka, kikabaki. Kikakaa kwenye mwamba tangu hapo, hakina haraka, hakijui kwamba siku moja atazaliwa mtu anaitwa Silima atakayekanyaga hewa na kuua kuku wa watu. Na sasa kitaingia mdomoni mwake kwa bilauri ya maji. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya huzuni. Aliogopa na akashukuru kwa pamoja, na hakujua amshukuru nani.

Mji ule una ada yake kwa wanaomeza chumvi. Kila mmoja huwa na mwenye maji wake. Mwenye maji huja asubuhi na bilauri, hutoa kidonge kimoja kikoponi, na kabla hajakitia kwenye kiganja cha mwenzake huuliza, "Umesimama wapi?" Anayeulizwa lazima ajibu kweli, awe shimoni, awe sakafuni, awe paani. Ukimdanganya mwenye maji, watu hawakugombezi. Wanaacha tu kukuuliza kwako saa ngapi, na katika mji ule hiyo ni adhabu kubwa. Mwenye maji wa Silima alikuwa Mize. Alikuja kivuli cha mlango kinapogusa mtungi, na wao wawili walikubaliana kuita hiyo saa mbili.

"Umesimama wapi?"

"Sakafuni."

"Haya, meza. Na usinitolee macho."

Miezi ikapita sakafuni. Sakafuni, jamani! Silima hakuwa amejua kwamba sakafu ina ufa unaofanana na mto, kwamba mchana huisha na kuja mwingine usiokuwa ule ule, kwamba mtu anaweza kukasirishwa na chai baridi na hasira hiyo ikaishia kwenye chai. Alikuwa akimshangaa dada yake anavyoishi hivyo siku zote bila kupiga kelele za mshangao.

Lakini mkono ukaanza kutetemeka.

Haukuwa mtetemeko mkubwa. Mshika jembe asingeuona. Ila Silima alishika kibano, na mbele ya kibano hakuna mtetemeko mdogo. Skrubu zikamruka. Springi zikapotelea chini ya meza. Wateja wakaanza kupeleka saa zao mtaa wa pili, hata kama huko ilikuwa bado juzi.

Na Mize, bila nia mbaya, akaileta mezani saa ya mama yao. Saa ndogo ya kike, ya dhahabu iliyochujuka, inayokaa vizuri juu ya ukucha wa dole gumba. "Hii ilisimama siku ile uliyotuacha," alisema, nusu akitania. "Siku utakayoifanya iende, nitajua umerudi." Akaenda jikoni kugombana na sufuria. Hakujua ameacha nini juu ya ile meza.

Silima aliifungua. Mhimili wa gurudumu la mizani, lile linaloipa saa mapigo yake, ulikuwa umevunjika ncha. Mpya wake ulikuwa mwembamba kuliko kope, na ulitaka mkono usiopumua. Akajaribu siku tatu. Siku ya nne akaketi akiitazama mikono yake miwili, na swali likamjia, akalizungusha mchana kutwa. Chumvi imenirudisha, na chumvi hiyo hiyo inanizuia nisiweze kuonyesha kwamba nimerudi. Sasa huyu aliyetulia ni nani? Ni mimi, au ni jiwe limeketi kwenye kiti changu? Kama ni jiwe, basi Silima mwenyewe yuko wapi? Na kama ni mimi, kwa nini sina mikono yangu? Ninapomjibu Mize "sakafuni", nani anajibu?

Angeweza kumuuliza Mpimaji. Wewe nami tungemuuliza. Lakini yeye alikuwa fundi saa, na fundi saa akiona saa inachelewa haendi kuomba ushauri, anasogeza kirekebishi kidogo tu, upana wa unywele, halafu anasubiri aone. Akawaza: nami nitajisogeza upana wa unywele.

Akachukua tupa yake ndogo kuliko zote, ile ya kusugulia meno ya magurudumu. Mize alipokwenda mtoni kufua, akakifungua kikopo akavisugua vidonge vya juu, kimoja kimoja, pande zote kwa usawa, vumbi jeupe likaanguka kwenye kioo cha saa. Kiasi kidogo sana. Juma lililofuata akaongeza kidogo. Kwa kuwa tupa ilifuta ule mstari wa katikati, aliuchora upya kwenye kila kidonge kwa ncha ya bisibisi. Kisha akavirudisha kikoponi vilivyo. Na kila asubuhi, Mize alipouliza amesimama wapi, alisema sakafuni, na mwanzoni ilikuwa kweli.

Mkono ukaanza kutulia. Siku moja akaunyoosha juu ya meza, haukutikisika. Akacheka peke yake. Akachukua kibano, akaishika springi ya saa ya mama yake, ikakaa hewani haina habari.

*

Mkono umenyamaza. Tazama. Umenyamaza na mitaa imenyamaza inanisikiliza. Kwa nini nitengeneze saa moja? Saa moja ni ya mtu mmoja. Mji huu unaumwa, saa zake zimetawanyika, na mimi nimeuona ugonjwa, upo hapa, kwenye meno ya hili gurudumu, lina meno kumi na tano na mji una mitaa kumi na mitano, nani mwingine ameliona hilo? Hakuna. Nifungue zote. Saa ya mwalimu, saa ya muuza samli, saa ya bwana harusi. Zote. Nizijumlishe ziwe moja. Asubuhi imekuja. Imekuja nyingine. Karibuni, karibuni, kaeni, nafasi ipo. Mama, saa yako itakuwa moyo wa saa zote, subiri kidogo, nipande kwenye mwanga nione vizuri.

*

Mize alirudi kutoka mtoni na beseni kichwani, akakuta rafu za chumba alichofanyia kazi Silima ni tupu. Saa zote za wateja hazipo. Kikopo cha vidonge kilikuwa wazi juu ya meza, na kando yake kioo cha saa kilichojaa vumbi jeupe. Alitua beseni. Akamimina vidonge kwenye kitambaa, akavisogeza dirishani. Vya chini vilikuwa na mstari mnene, uliogandamizwa na mashine isiyojali. Vya juu vilikuwa vyembamba zaidi, na mstari wake ulinyooka, mwembamba, safi, umeanza na kuisha pale pale unapotakiwa. Katika maisha yake Mize alikuwa ameujua mkono mmoja tu uwezao kuchora hivyo. Akajikuta anaustaajabia, na mshangao huo ukamuumiza kuliko hasira. Kazi nzuri kuliko zote alizofanya mdogo wake mwaka ule ilikuwa kughushi kidonge.

Kisha akasikia nyayo paani.

Alipanda ngazi polepole, kwa magoti yake mabovu. Paa zima lilikuwa limetandazwa magurudumu. Mamia, makubwa kwa madogo, yamepangwa kwa duara, na jua likiyapiga yalimeremeta hata Mize akalazimika kukinga macho. Palikuwa pazuri. Lazima lisemwe hilo, maana Mize mwenyewe alilisema baadaye: hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile, na hakuwahi kuogopa namna ile. Ng'ambo ya duara, kwenye ukingo, Silima alisimama amempa mgongo, saa ya mama yao kwenye kiganja, mkono umetulia kabisa. Mguu mmoja alikuwa ameuinua kidogo mbele.

Mize alitaka kupiga yowe. Alitaka kukimbia, lakini kati yao palikuwa na magurudumu, na magoti, na alijua kwamba mtu aliye pale hasikii jina lake likiitwa, kwa kuwa mitaa yote inamwita. Akafanya jambo moja alilolifanya kila asubuhi. Kwa sauti ile ile ya jikoni, ya mtu aliyeshika bilauri, akauliza:

"Umesimama wapi?"

Mgongo wa Silima ukashtuka.

"Silima. Nimekuuliza. Umesimama wapi?"

Na kwa kuwa ada ile ilikuwa imemwingia hata mahali ambapo akili haikuwa na nafasi tena, aliinamisha kichwa kutazama ili ajibu kweli. Akaona kidole gumba cha mguu. Akaona ukingo. Mbele ya ukingo akaona banda la kuku, limejengwa upya, dogo sana, na jogoo mmoja anamtazama kwa jicho moja.

"Mize," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Hakuna kipandio."

"Hakuna. Basi rudi nyuma hatua moja. Angalia usikanyage saa za watu."

Akarudi nyuma hatua moja.

*

Katika Nyumba ya Damu, siku nyingi baadaye au chache, Silima alikuwa amelala, ameamka, amelia, ameanza tena kumeza vidonge vizima, na Mpimaji aliketi mbele yake na kile kioo cha vumbi.

"Ulisugua kwa tupa," alisema.

"Ya meno ya magurudumu."

"Na mstari ukauchora upya." Mpimaji aliweka kalamu chini. Mdomo wake ulitaka kucheka, akauzuia. "Nimeona watu wakivitema, wakivitupa chooni, wakimpa mbuzi. Hili ni jipya. Silima, wewe ulipima kidonge. Kidonge si saa. Kinachopimwa ni damu yako, na damu haionekani kwa lenzi. Kwa nini hukuniambia kwamba mkono unatetemeka?"

"Uliniuliza kama nalala. Uliniuliza kama nakunywa maji. Mkono hukuuliza."

Mpimaji alikiweka kile kioo pembeni. "Kweli," akasema. "Sikuuliza, na hilo ni kosa langu. Nyoosha mkono." Akatandika karatasi moja juu ya vidole vyake, na wote wawili, na Mize aliyekuwa amesimama mlangoni, wakaitazama karatasi ikitetemeka kidogo. Mpimaji akaandika. Akampima damu. Akasema kipo kipimo cha chini kidogo kitakachoweza kumshika bado, watakitafuta pamoja, kwa damu, kila juma, na yako mengine ya kujaribu ikiwa hicho hakitatosha. "Pengine hautatulia kabisa," alisema. "Sitakudanganya."

"Nina swali," Silima alisema. "Nikiwa sakafuni, anayejibu ni mimi au ni jiwe?"

"Pale ukingoni ulipoulizwa," Mpimaji alijibu, "jiwe lilikuwa haba ndani yako, halikukushika. Nani alijibu?"

Silima alitazama mikono yake njia nzima ya kurudi nyumbani, mitaa mitatu, asubuhi mbili na alasiri moja.

*

Ilichukua muda kurudisha saa za watu. Mize aliyaokota magurudumu kwa kanga, na Silima akayapanga, na muuza samli alitukana kwanza, akasamehe baadaye. Mkono ulipungua mtetemeko, haukuisha. Mwishowe ikabaki saa ya mama.

Ilikuwa asubuhi. Silima alilaza viganja vyote viwili mezani na kuegemeza viwiko, akavaa lenzi. Mhimili mwembamba kuliko kope ulikuwa kwenye ncha ya kibano, ukitikisika. Akajaribu mara tano. Mara ya sita alisema, bila kuinua uso, "Dada, nishike hapa." Hakuwahi kumwomba mtu yeyote jambo hilo tangu aanze kazi.

Mize akafuta mikono kwenye kanga, akaja, akamshika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa mzito, wa miaka ya kukanda unga. Hawakupumua. Mhimili ukashuka, ukapata tundu lake. Silima akarudisha daraja la gurudumu, akakaza skrubu mbili, akaitia saa ufunguo mizunguko mitatu. Gurudumu la mizani lilikaa kimya kitambo, kisha likajitikisa, likaenda, likarudi, likaenda, likarudi, kasi yake ikawa mtetemeko mdogo wa dhahabu usiosimama.

"Mbona latetemeka?" Mize alinong'ona. Hakuwahi kuiona saa kwa ndani. "Limeharibika?"

Silima alikuwa ameona magurudumu ya namna hiyo maelfu, tangu ujana wake, na kazi yake yote ilikuwa kuyafanya yafanye hivyo. Alitazama gurudumu, akatazama mkono wake uliokuwa bado umeshikwa na dada yake.

"Hapana," alisema. "Ndivyo inavyokwenda. Likitulia, imekufa."

Mize akaliangalia tena, akaguna, akajifuta macho kwa ncha ya kanga kwa hasira, akisingizia vumbi. Kisha akaichukua ile saa na kuisogeza sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu. "Akrabu zake zinaonyesha saa ile uliyoanguka," alisema. "Haifai. Tuitegeshe saa ngapi?"

Lilikuwa swali gumu katika mji ule. Nje, Mtaa wa Wachonga Mihuri ulikuwa ukiamka, Mtaa wa Juu ukijilaza, na ng'ambo ya njia jana ilikuwa imekaa kibarazani. Silima alitazama mlango. Kivuli chake kilikuwa kikisogea sakafuni, juu ya ufa unaofanana na mto, hadi kikaugusa mtungi.

"Leta maji," alisema. "Ni saa mbili."